Maswali ya wasomaji: "Boy in da Corner" na sifa zilizokosea mlango

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba "Boy in da Corner", albamu ya kwanza ya Dizzee Rascal, mchanaji wa muziki wa grime wa London, iliyotoka Julai 2003, ilisifiwa sana lakini bado haijasikilizwa vya kutosha. Ujumbe umekuja mwingi. Najibu michache.

Heshima yako mwandishi. Albamu yenyewe iliishia namba 23 kwenye chati ya Uingereza. Hao wachambuzi walioimwagia nyota si walikuwa wanamwonea huruma kijana wa mtaani? – Msomaji, Mwanza

Huruma ilikuwepo, na ndiyo inayonikera mpaka leo. Lakini nyota zenyewe zilikuwa halali. Kwenye mtandao wa Metacritic, unaokusanya alama za wachambuzi, wastani wake ni 92 kati ya 100. Septemba mwaka huohuo ikabeba tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, mbele ya bendi za Radiohead na Coldplay, siku chache kabla kijana hajatimiza miaka 19. Majaji waliona sawasawa.

Kilichokosewa ni sababu ya kuisifu. Chukua maandishi ya wakati ule uyasome. Unaanza na maghorofa ya Bow, mashariki mwa London, unapita kwa mama aliyemlea peke yake, unaingia kwenye shule zilizomfukuza, kisha visu, kisha polisi. Muziki unaufikia ukiwa umechoka, na hapo unaambiwa ni mkali na wa ajabu, basi. Walimfanya shahidi wa umaskini. Shahidi kazi yake ni kueleza alichokiona, na huyu kijana alikuwa fundi. Biti nyingi za albamu ile alizitengeneza mwenyewe. Ufundi huo aliuanzia kwenye kompyuta ya shule, enzi ambazo darasa la muziki ndilo pekee lililokuwa bado linampokea. Wimbo wa "I Luv U" aliuunda akiwa na miaka kama 16. Sikiliza besi ya wimbo huo ilivyokwaruzwa mpaka inakaribia kuwa kelele, ngoma zinavyodondoka pasipotarajiwa, na ule uwazi aliouacha katikati ili sauti yake ipate pa kusimama. Hayo hayaletwi na njaa. Bow ilikuwa na maelfu ya vijana wenye njaa, na biti ile ilitoka kwa mmoja.

Radiohead wametoka Oxfordshire, na wakitoa albamu watu wanaandika habari za magitaa na kompyuta zao. Kijana mweusi wa Bow akitoa yake, wanaandika habari za ngazi za ghorofa lake zilivyonuka. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Kaka, grime si ni hip hop tu yenye lafudhi ya Kiingereza cha London? – Msomaji, Kigoma

Hapana. Nimeshalijibu swali hili mara nne mwaka huu. Grime imezaliwa na miziki ya dansi ya London iitwayo garage na jungle, na nyuma yao wapo Wajamaika na spika zao kubwa. Kasi yake ni mapigo kama 140 kwa dakika. Imekulia kwenye redio ambazo enzi hizo hazikuwa na leseni, kama Rinse FM, zilizofunga antena zao juu ya maghorofa, wachanaji wakipokezana maiki. Tafadhali, sikiliza kwanza ndipo uandike.

Nitumie linki ya kuipakua bure. – Wasomaji kadhaa

Sitatuma. Inunueni.

Sifa zile ziliwasaidia wenzake, au zilimfaa yeye peke yake? – Msomaji, Mombasa

Zilimfaa yeye, na hata yeye ilibidi abadilishe muziki ndipo akae namba 1 kwenye chati, kwa wimbo wa "Dance wiv Me" mwaka 2008. Baada ya Mercury yake, albamu nyingine ya grime ilisubiri mpaka 2016 kuipata tuzo hiyo, alipoichukua mchanaji Skepta.

Katikati ya miaka hiyo polisi wa London walikuwa na karatasi yao, Fomu 696, iliyoanza 2005. Mwenye ukumbi alitakiwa aeleze ni nani watapanda jukwaani na ni muziki wa aina gani, na mwanzoni iliuliza hata watakaohudhuria ni watu wa asili gani. Maonyesho ya grime yaliumia sana, na fomu haikufutwa hadi 2017. Mimi naona mambo haya mawili yana uhusiano. Mchambuzi akiusifu muziki kama taarifa ya hatari, asishangae askari akiuchukulia kama hatari. Nyie mnaoandika habari za wachanaji wa kwetu, liangalieni hili mapema.

Ni kweli alijipanga achomwe visu kule Cyprus ili albamu iuze? – Msomaji, Nakuru

Si kweli. Alichomwa Ayia Napa mwanzoni mwa Julai 2003, albamu ikiwa imemalizika na inasubiri kutoka mwezi huohuo. Alikuwa na miaka 18 na angeweza kufa. Acha kuusambaza uvumi huo. Wapo wachanaji wadogo wanaoamini kwamba jeraha ni tangazo la biashara, na maneno kama haya ndiyo yanayowalisha imani hiyo.

Shikamoo. Biti zake nazipenda, ila nikifika "Jezebel" naruka. Wachambuzi wanaume hawakuona tatizo? – Msomaji wa kike, Unguja

Marahaba dada. Unaruka kwa haki. Wimbo ule unamfuata msichana anayebeba mimba angali mdogo, na lawama yote anatwishwa yeye. Wanaume waliompa mimba wanapita kama upepo. Wengi walioipitia albamu waliusoma kama uhalisia wa mtaa wakaenda zao, na hapa ndipo ile tabia ya kumwita shahidi inapoleta madhara ya kweli, maana shahidi haulizwi kwa nini amechagua kumtazama msichana tu. Fundi lazima aulizwe.

Linganisha na "I Luv U". Mada ni ileile, lakini humo msichana anapewa maiki na anamjibu mvulana tusi kwa tusi. Kwa hiyo alijua namna ya kufanya haki, na kwenye "Jezebel" hakuifanya.

Wala sitakuficha yaliyofuata. Mwaka 2022 mahakama ya London ilimtia hatiani kwa kumshambulia aliyekuwa mchumba wake. Mimi bado naisikiliza albamu, kwa sababu imenifundisha kusikia. Lakini sitamwambia mwanamke yeyote kwamba anawajibika kuisikiliza, na anayekulazimisha kwa hoja ya Mercury mpuuze.

Simwelewi hata neno moja. Nianzie wapi? – Msomaji, Bujumbura

"Sittin' Here", wimbo wa kwanza. Kasi si kubwa, na kijana ameketi tu anatazama na kuwaza. Usifungue mashairi yaliyoandikwa mpaka usikilize mara tatu.

Mimi ni prodyuza chipukizi, nina kompyuta moja tu na spika za kuazima. Nijifunze nini humo? – Msomaji, Temeke

Swali hili ndilo nililolisubiri wiki zote mbili. Weka "Fix Up, Look Sharp" uhesabu vilivyomo. Kuna ngoma na ukelele wa mwimbaji vilivyokatwa kwenye wimbo wa 1980 wa Billy Squier, mwanamuziki wa rock wa Marekani, na juu yake sauti ya kijana. Karibu hakuna kingine. Hakuna kinanda cha kujaza, wala besi ya kuficha udhaifu.

Sasa fungua biti yako ya mwisho. Zima kitu kimoja, sikiliza. Zima kingine. Endelea mpaka ufike mahali ambapo ukizima kimoja zaidi wimbo unakufa, kisha mwite mchanaji wako aingie hapo. Nitumie mlichopata, nitakisikiliza chote.