Mito ya barafu: maswali yenu na majibu

Niliandika hapa kwamba mito ya barafu ya milimani, yaani marundo makubwa ya barafu yanayoteremka polepole mlimani, imepoteza takriban asilimia 5 ya barafu yake tangu mwaka 2000. Maswali yakamiminika. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na yale ya matusi nimeyaacha yalipo.

Hiyo asilimia 5 mmeipataje? Nani kapanda kila mlima na mizani?

Hakuna. Mito ya barafu iko zaidi ya 200,000, na inayopimwa kwa miguu kila mwaka ni michache mno. Lakini hiyo michache ndiyo msingi wa yote, na kazi yake ni ya mikono. Mtafiti anatoboa barafu kwa bomba la mvuke, anachomeka nguzo nyembamba na kuandika urefu uliobaki nje. Mwaka unaofuata anarudi. Nguzo iliyochomoza nusu mita ikiwa sasa imechomoza mita tatu na nusu, ujue mita tatu za barafu zimekwenda. Kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, anazidisha kwa 0.9 na kuandika hasara ya mita 2.7 za maji. Kule juu ambako theluji haiyeyuki yote, anachimba shimo mpaka afike kwenye tabaka chafu la kiangazi kilichopita, kisha anapima uzito wa theluji tabaka kwa tabaka. Kilichoingia juu ukitoa kilichotoka chini, una daftari la mapato na matumizi ya mwaka mzima. Huko Storglaciären, Sweden, daftari hilo halijakatika tangu 1946.

Kwingineko kote tunategemea setilaiti. Zipo zinazopima kimo cha uso wa barafu, na zipo zinazopima mvutano wenyewe wa dunia: jozi ya setilaiti iitwayo GRACE, iliyorushwa mwaka 2002, ilikuwa ikifuatana angani, na umbali kati yake ulibadilika kidogo kila zilipopita juu ya kitu kizito. Vipimo vya kila aina vilipowekwa pamoja katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, hasara ilitoka wastani wa tani bilioni 273 kwa mwaka kati ya 2000 na 2023. Maji hayo yanainua bahari kwa takriban robo tatu ya milimita kila mwaka.

Mbona barafu imekuwa ikiyeyuka tangu enzi na enzi, kabla hata ya magari?

Ni kweli, na wanasayansi wanaokwepa swali hili wanakosea. Miaka 20,000 iliyopita sehemu kubwa ya Kanada na kaskazini mwa Ulaya ilifunikwa na barafu, ikaondoka bila kiwanda hata kimoja, kwa sababu mzunguko wa dunia kulizunguka jua ulibadilika polepole. Hata kurudi nyuma kwa mito mingi ya barafu baada ya 1850 kulianza kwa sababu za asili kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo watafiti waligawa lawama. Utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kati ya 1851 na 2010 ni kama robo tu ya hasara iliyotokana na binadamu. Ila ukichukua miaka ya 1991 hadi 2010 peke yake, sehemu yetu inapanda hadi zaidi ya theluthi mbili. Makadirio hayo yana mapana makubwa ya makosa, lakini mwelekeo wake haupingiki kirahisi.

Nimesoma kwamba barafu ya Kilimanjaro haiondoki kwa sababu ya joto. Nani anasema kweli?

Hapa pana ubishi halisi, na ndiyo maana napapenda. Kutoka 1912 hadi 2007 eneo la barafu kileleni lilipungua kwa takriban asilimia 85. Hilo halina mjadala. Mjadala ni sababu. Kule juu hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri, hivyo barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, jua likipiga kuta zake zilizosimama wima. Kundi moja la watafiti linasema ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 ulipunguza theluji mpya, na barafu isiyofunikwa na theluji nyeupe hunywa jua zaidi.

Mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake, waliotoboa barafu hiyo mwaka 2000, wanajibu kwamba karibu na uso walikuta viputo vya hewa vilivyorefuka, dalili ya barafu kuyeyuka na kuganda tena, na dalili hiyo hawakuiona kwenye tabaka za chini. Mimi naona pande zote mbili zina hoja: mlima huo si kipimajoto kizuri. Anayetaka kipimajoto aangalie Uswisi, ambako mito ya barafu ilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023.

Kama barafu inaisha, mbona mto unaotoka huko una maji mengi kuliko zamani?

Kwa sababu inaisha. Mwanzoni kuyeyuka huongeza maji, kisha hufika kilele, halafu hupungua kwa kuwa kilichobaki cha kuyeyuka ni kidogo. Katika mabonde mengi ya safu ya milima ya Cordillera Blanca, Peru, kilele hicho kimeshapita.

Tukiifunika kwa vitambaa vyeupe?

Hufanyika, kwa mfano kwenye mto wa barafu wa Rhône, Uswisi, na pale kilipo kitambaa barafu huyeyuka polepole zaidi. Kufunika milima yote ni ndoto.

Mwaka 2100 itabaki kiasi gani?

Joto likiishia nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya viwanda, takriban nusu ya mito ya barafu kwa idadi itatoweka, lakini barafu yenyewe itapungua kama robo tu. Mingi ni midogo, na midogo ndiyo hutangulia. Likifika nyuzi 4, zaidi ya asilimia 80 ya idadi itakwenda, pamoja na asilimia 41 ya barafu.

Kuna deni jingine lisiloishia mwaka huo. Mito mikubwa huchelewa kuitikia joto, wakati mwingine kwa karne. Hata joto likibaki hapa lilipo leo, utafiti mwingine wa mwaka 2025 unakadiria kwamba asilimia 39 ya barafu iliyokuwepo mwaka 2020 itaondoka hatimaye. Na kati ya nyuzi 1.5 na 3, kila sehemu moja ya kumi ya nyuzi inaongeza kwenye hasara hiyo takriban asilimia 2 nyingine ya barafu yote.