Maswali ya Wasomaji: Babu alipiga kura, kaka yake alikuwa na kadi

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Babu yangu, ambaye ametimiza miaka tisini, alikuwa karani katika boma la Bagamoyo enzi za Mwingereza. Kila uchaguzi unapokaribia hutusimulia barazani kwamba mwaka 1958 alimpigia kura Mwalimu Nyerere akiwa hapa hapa Bagamoyo, kwamba ilikuwa "kura tatu", na kwamba yeye hakuwa na kadi ya TANU, ilhali kaka yake, mvuvi wa Dunda, alikuwa na kadi lakini hakupiga kura. Wajomba zangu wanacheka na kusema mzee anachanganya mambo, kwani Mwalimu ni mtu wa Butiama. Shangazi yangu wa Lugoba naye anashikilia kwamba yeye si mpiga kura wa Bagamoyo, ingawa Lugoba imo wilayani mwetu. Nani mkweli?
Mjukuu, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Wa alaykum salaam. Waambie wajomba zako wamwombe mzee radhi, kwa sababu hakuna neno hata moja alilolichanganya.

Tuanze na neno "jimbo", ambalo nadhani ndilo linalowapoteza wajomba. Wakati wa Mwingereza jimbo lilikuwa eneo kubwa, kubwa hata kuliko mkoa wa leo. Bagamoyo ilikuwa wilaya mojawapo ya Jimbo la Mashariki, pamoja na Morogoro, Kilosa, Mahenge, Kisarawe na Rufiji. Serikali ilipokubali hatimaye kwamba baadhi ya wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria wachaguliwe badala ya kuteuliwa na Gavana, nchi nzima iligawanywa katika maeneo ya uchaguzi kumi tu, na Jimbo la Mashariki likawa mojawapo. Maeneo matano, pamoja na hilo la Mashariki na lile la Tanga, yalipiga kura Septemba 1958, na mengine Februari 1959. Mwalimu aligombea Mashariki na kumshinda Patrick Kunambi, Mluguru, kwa zaidi ya mara tatu ya kura zake. Kwa hiyo karani wa Bagamoyo aliyempigia kura Nyerere hakuvuka mpaka wowote.

Kuhusu kura tatu, kila eneo lilitoa wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na mpiga kura wa rangi yoyote alitakiwa kuchagua mtu kwa kila kiti. Aliyeweka alama kwa Mwafrika peke yake akawaacha wengine, karatasi yake ilihesabika kuwa imeharibika, isipokuwa pale ambapo kiti kilikuwa na mgombea mmoja na hivyo hakikupigiwa kura. Hesabu hiyo ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa sensa ya 1957 ilikuta watu wanaokaribia milioni 8.8, na kati yao Wazungu walikuwa kama 20,000, lakini kila kundi lilipewa viti sawa. Ndiyo sababu wana TANU wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Mwalimu aliwashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu aliyepinga akatoka na kuunda chama chake cha ANC (African National Congress) hapa hapa Tanganyika. Uamuzi huo, ambao ulikuja kuitwa Uamuzi wa Busara, ulizaa matunda ambayo waliouweka mfumo ule hawakuyatazamia. Kwa kuwa kila Mwafrika alilazimika kumchagua Mwasia na Mzungu, TANU iliunga mkono wagombea wa rangi hizo walioafikiana nayo, kama vile Sophia Mustafa kule Kaskazini na Lady Chesham kule Nyanda za Juu Kusini, nao wakashinda.

Sasa tuje kwa babu na kaka yake, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yako. Haki ya kupiga kura mwaka ule haikuwa ya kila mtu. Ilimpasa mtu awe ametimiza miaka 21, awe amekaa nchini angalau miaka mitatu katika mitano iliyopita, na juu ya hayo awe ama amesoma hadi darasa la nane, ama anapata pauni 150 kwa mwaka, ama anashika wadhifa uliotajwa katika sheria. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani 250 kila mwezi, na mvuvi wa mtumbwi asingeziona hata pweza wangejaa pwani nzima. Itakumbukwa kwamba Agosti 1958, wiki chache kabla ya kura, mahakama ilimtoza Mwalimu faini ya shilingi 3,000 hizo hizo, kwa kosa la kuwakashifu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa Kiingereza, katika jarida la Sauti ya TANU. Faini ya makala moja ililingana na pato la mwaka mzima la mtu aliyehesabiwa kuwa anastahili kuchagua! Nchi nzima walioandikishwa walikuwa kama 60,000.

Babu yako, akiwa karani, bila shaka aliingia kwa mlango wa darasa la nane. Lakini watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na chama cha siasa, na kadi ya TANU ingeweza kumgharimu kazi. Kaka yake hakuwa na bwana wa kumfukuza, kwa hiyo alikata kadi yake bila woga, ila hakuwa na cheti wala kipato. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi za pwani, kadi mkononi mwa mmoja na kura mkononi mwa mwingine, na ushindi wa 1958 ulitegemea wote wawili, mmoja akishawishi barazani na mwingine akiingia kwenye chumba cha kura kimya kimya.

Agosti 1960 masharti yalilegezwa, ikatosha mtu kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, lakini viti 58 kati ya 71 havikuwa na mpinzani, hivyo wengi walioandikishwa hawakupata kupiga kura. Kufikia mwaka 1965 kila raia mtu mzima alikuwa na kura, majimbo ya uchaguzi yakiwa 107 na wagombea wakitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba.

Shangazi wa Lugoba naye ana haki. Mipaka ya majimbo huchunguzwa na Tume ya Uchaguzi angalau kila baada ya miaka kumi kwa mujibu wa ibara ya 75 ya Katiba, na wilaya moja inaweza kuwa na majimbo mawili. Wilaya yenu ina Jimbo la Bagamoyo upande wa pwani na Jimbo la Chalinze upande wa bara, na Lugoba imo Chalinze, ambako Jakaya Kikwete alikuwa mbunge kuanzia 1995 hadi alipokuwa Rais mwaka 2005. Aprili 2014 ulifanyika huko uchaguzi mdogo baada ya kifo cha mbunge Said Bwanamdogo, na shangazi yako, kama alikuwa ameandikishwa, alipiga kura siku ambayo ninyi wa Magomeni mlikaa nyumbani.