Maswali ya wasomaji: Wembe unang'aa balaa, ila ndevu haunyoi, unang'oa

Mwezi huu nusu ya barua zimekuja na jambo moja, nyembe za kukunja, zile za vinyozi wa zamani zenye mgongo mnene na mpini ambao blade inajificha ndani yake. Naona watu wamechoka kununua viwembe vya kutupa. Sawa, tuzichambue.

Shikamoo fundi. Nimepata wembe wa kukunja wa mtumba, umeandikwa Solingen, ule mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, hauna kutu ila ni butu kabisa. Nikanunua na jiwe la pande mbili, namba 4000 na 8000, muuzaji akasema ndo la nyembe. Kila jioni nanoa, sasa hivi unang'aa mpaka najiona sura, lakini nikiweka shavuni unavuta ndevu mpaka machozi yananitoka. Jiwe ni feki au mkono wangu ndo mbovu? — Machozi Shavuni

Marahaba kijana wangu. Jiwe lako zima, na mkono wako sina ugomvi nao. Umeruka jiwe la kwanza tu, na ukishaliruka hilo utanoa mpaka uzeeke wembe unang'aa na haukati.

Ukiangalia pembeni kabisa mwa blade utaona kila upande una kaukanda kembamba kanakong'aa tofauti na chuma kingine, tukaite mchongo. Mchongo wa kulia na wa kushoto inabidi vikutane pale mwisho kabisa, na pale vinapokutana ndo panaitwa makali. Wembe uliokaa droo miaka mingi, au ulionolewa kiholela, michongo yake haikutani, katikati pamebaki kaunene ambako kwa macho hukaoni ila ndevu inakaona. Sasa namba ya jiwe ikipanda ndo chembe zake zinakuwa laini zaidi, jiwe la 4000, na zaidi lile la 8000, linakula chuma kidogo sana, kazi yake kubwa ni kulainisha mikwaruzo ya jiwe lililotangulia, kwa hiyo wewe wiki nzima umekaa unapiga polishi kaunene. Tafuta jiwe namba 1000. Hapo ndo makali yanatengenezwa, mengine yote yanayofuata ni kuyalainisha tu.

Uzuri wa wembe huu ni kwamba pembe hukisii kama kwenye kisu. Unalaza blade chali kabisa kwenye jiwe, mgongo unagusa na makali yanagusa, vyote kwa pamoja, basi unene wa mgongo wenyewe ndo unaopanga pembe. Kwa nyembe nyingi inaangukia kama digrii 16 au 17 kwa pande zote mbili ukijumlisha, wakati visu vingi vya jikoni viko 30 kwenda 40. Ukiinua mgongo hata kidogo umeharibu hesabu yote. Lowesha jiwe, sukuma makali yakiwa mbele, ukifika mwisho geuza blade kwa kuibiringisha juu ya mgongo, usiibiringishe juu ya makali hata siku moja, halafu rudi. Na kwa kuwa jiwe mara nyingi ni jembamba kuliko urefu wa blade, unasukuma huku unavuta kwa mshazari, unaanza upande wa shina karibu na mpini unamalizia kwenye ncha, ukienda na kurudi ni kama umechora X. Uzito wa mkono, kwenye 1000 unaruhusiwa kukandamiza kidogo sana mwanzoni, baada ya hapo wembe ujibebe wenyewe, maana blade hizi ni nyembamba ukikandamiza inapinda na makali yanainuka kutoka kwenye jiwe bila wewe kujua.

Utajuaje michongo imekutana? Chukua makapeni, paka wino kwenye mchongo wote pande zote mbili, piga jiwe mara chache halafu angalia. Wino ukiwa umefutika mpaka ukingoni kabisa, kuanzia shina hadi ncha, uko vizuri. Ukibaki kauzi keusi pale ukingoni, jiwe halijafika. Kipimo cha pili, simama chini ya taa, elekeza makali juu yakutazame, yaani uyaangalie kwa juu moja kwa moja, ukigeuza geuza polepole. Makali mazima hayaonekani, ni giza tupu, ukiona kanukta au kamstari kanametameta hapo ndo pana unene. Cha tatu ni malaika za mkononi, wembe uliotoka 1000 tu unatakiwa uzikate karibu na ngozi bila kubembeleza, na sio sehemu moja ya blade, urefu wote. Watu wengi wanapima katikati tu wanafurahi, kumbe ncha bado imelala.

Vipimo vyote vitatu vikikubali ndo uhamie 4000, halafu 8000, na ukiwa nalo 12000 la kumalizia. Huko unakuta kazi ni nyepesi mno, watu wanashangaa. Wembe wa mtumba wa namna yako unaweza kukaa kwenye 1000 saa zima na zaidi, halafu mawe yote yaliyobaki yakaisha kwa dakika chache. Ah, na kabla hujaanza, osha huo wembe kwa sabuni uupanguse kwa spiriti, hujui umepita kwenye shavu la nani.

Fundi, jiwe langu nimelitumia muda mrefu kwa visu, naona katikati limebonyea kidogo. Si naweza kulitumia hivyo hivyo kwa wembe? — Sina Haraka

Hapana. Kisu kinavumilia, wembe hauvumilii, kwenye jiwe lililobonyea blade inagusa kingo tu na mgongo unaliwa vibaya. Chora miraba ya penseli juu ya jiwe zima, tandika msasa wa maji namba 400 hivi juu ya kioo kinene, mwaga maji, sugua jiwe mpaka mistari yote ifutike. Iliyobaki katikati ndo inakuonyesha shimo lilipo. Hata jiwe jipya toka dukani fanyia hivyo, mengi hayaji yamenyooka. Halafu kata kidogo kona zake zile kali, zinakwaruza blade.

Nimeona wengine wanabandika tepu ya umeme kwenye mgongo wa wembe wakati wa kunoa. Ni lazima? Mwenzangu anasema ni uoga. — Mama wa Wanyoaji Watatu

Dada, sio lazima na wala sio uoga. Ukinoa bila tepu mgongo nao unalika taratibu sambamba na makali, ndivyo wembe ulivyoundwa, pembe inabaki ile ile. Ila kama mgongo una nakshi au dhahabu, au wembe una mapengo na itabidi ukae sana kwenye 1000, tepu inausaidia. Kinachowaponza watu ni kuchanganya. Tabaka moja linapandisha pembe kama digrii moja, kwa hiyo ukianza na tepu malizia na tepu, ikichakaa badilisha, ukiitoa njiani makali hayatagusa jiwe tena utaanza kulaumu jiwe. Na mwakani ukija kunoa tena kumbuka ulinoaje. Mimi wembe wa kawaida nanoa bila, wa nakshi naweka.

Mapengo madogo jiwe linayamaliza. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, unaotoka ukingoni kupanda kwenye blade, huo wembe umeshakufa, usiuhangaikie, unaweza kukatika usoni.

Baada ya kunoa, ninoe tena kila baada ya muda gani? Na mkanda wa ngozi ni wa kazi gani hasa, au ni mbwembwe za kwenye sinema? — Kidevu

Mkanda ndo unaokuepusha na mawe, kijana. Kila ukinyoa, makali yanapinda pinda kidogo, mkanda unayarudisha na kuyasafisha. Mtu mmoja anayenyoa uso wake tu na anatumia mkanda vizuri anaweza kukaa miezi kadhaa bila kugusa jiwe, na hata akigusa ni lile la mwisho tu, au anapitisha wembe kwenye kitambaa kilichopakwa ile dawa ya kijani ya oksidi ya kromu, ile ya nusu maikroni.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwenye mkanda mwendo ni kinyume cha jiwe. Kwenye jiwe makali yanatangulia, kwenye mkanda mgongo ndo unatangulia na makali yanafuata nyuma. Ukisahau utakata mkanda, na mikanda ya wanaojifunza utaitambua kwa vidonda hivyo hivyo. Uvute ukaze, maana ukilegea ngozi inakumbatia makali na kuyafanya mviringo, kazi yote ya mawe inapotea kwa dakika moja. Blade ilale, mgongo usiachie ngozi, mwisho wa mkanda biringisha juu ya mgongo kama kwenye jiwe. Kama mkanda wako una upande wa kitambaa na wa ngozi, watu wengi wanapiga mara 20 au 30 upande wa kitambaa halafu kama 50 upande wa ngozi, ila mwanzoni fanya polepole sana, spidi ya vinyozi wa kwenye sinema haiongezi ukali wowote.

Ukimaliza kunyoa kausha wembe kabisa, hadi kwenye egemeo la mpini ambako maji yanajificha, paka tone la mafuta. Blade za chuma cha kawaida zinashika kutu usiku mmoja tu.

Ile mashine ya kuvuta kisu katikati ya vigurudumu viwili inafaa? — Mvivu Mwaminifu

Haifai. Itaung'ata wembe mapengo kwa mvuto mmoja, na pembe yake ni ya visu. Ukiwa mvivu kweli nunua ule wembe wa kukunja unaobadilishwa blade, unatupa unaweka mpya, na jiwe huhitaji.

Mimi na mdogo wangu tunataka kununua wembe mmoja mzuri tutumie wote, tutakuwa tunauosha. Kuna ubaya? — Bajeti Ndogo

Upo. Wembe unachubua ngozi hata kama damu huioni, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kusuuza kwa maji hakutoshi. Nunueni mawe na mkanda kwa pamoja, hivyo ndo vya gharama na mnaweza kushea. Kila mtu wembe wake, na kila mmoja aufute kwa spiriti kabla hajauweka kwenye jiwe la wote.