Makala za saikolojia bila kulipa: jibu kwa dada wa Lamu

Swali: Assalaam alaikum kaka. Mimi niko Lamu, Langoni, nafundisha na huku nasoma digrii ya ushauri nasaha kwa masafa. Naandika propozali kuhusu wazazi wanaoingia kwenye sonona baada ya kujifungua. Supavaiza anataka makala 40 na zisipite miaka kumi. Nikitafuta "depression Lamu" sipati kitu cha maana, na nikipata ya Kenya nikiifungua naambiwa nilipe dola 30 na kitu. Kijana wa saiba anasema atanitolea kila moja kwa shilingi 200. Ni databesi gani ya saikolojia iliyo bure kweli, na nianzie wapi?

Jibu: Wa alaikum salaam dadangu, na hongera kwa kulishika jambo hilo maana wazazi wetu huku pwani wanaumia kimya kimya. Mimi ni mkutubi, niko Malindi kwenye maktaba ya chuo, kila mwaka nakaa na wanafunzi wa uuguzi na wa ushauri nasaha na swali lao ni hili hili lako, kwa hivo nitakujibu kirefu kidogo.

Usilipe. Si hizo dola wala hizo mia mbili. Makala nyingi unazoambiwa ulipie zina nakala nyingine mahali pengine, halali kabisa, imewekwa na mwandishi mwenyewe au chuo chake au aliyegharamia utafiti. Wewe umebisha mlango wa mbele ukaambiwa lipa, na mlango wa uani uko wazi.

Kuna databesi inaitwa PsycINFO, ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, na kwa saikolojia ndo kubwa yao, lakini ni ya kulipia na wanaolipa ni vyuo. Kama chuo chako hakina isikuumize kichwa, mada yako imekaa kati ya saikolojia na afya, na upande wa afya ndo uliofunguliwa zaidi.

Anzia PubMed. Ni ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ina rekodi zaidi ya milioni 35, na kutafuta humo ni bure, hata akaunti huhitaji. Ila kuna kitu wanafunzi wangu wengi hukikosea: PubMed inakuonyesha kichwa na ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo, si lazima ikupe makala yenyewe. Makala nzima ziko kwa ndugu yake PubMed Central, wenyewe wanaiita PMC, iliyoanza 2000, na humo unasoma mwanzo mpaka mwisho bila senti. Ukiwa PubMed angalia pembeni kuna kisanduku kimeandikwa "Free full text", ukikitia tiki zinabaki za bure tu. Lakini usikitie tiki mwanzo! Tafuta kwanza bila hiyo tiki uone uwanja wote ulivo, kwa sababu ukichuja mapema utafiti mkubwa wa mada yako unaweza kukupita, alafu siku ya kutetea kazi unaulizwa mbona huo haumo na huna jibu.

Na hapa watu wa pwani tuna bahati. Utafiti mwingi wa afya ya akili wa pwani hii unatoka Kilifi, kwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, shirika la Uingereza linalogharamia utafiti, na hao Wellcome toka 2005 walianza kudai kwamba utafiti wanaougharamia uwekwe wazi kwa kila mtu. Kwa hivo kazi za Kilifi mara nyingi utazikuta PMC au kwa wenzao wa Ulaya, Europe PMC, bila malipo. Mfano, dodoso la wasiwasi la GAD-7 kwa Kiswahili lilipimwa Kilifi kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, makala ikatoka 2020 kwenye Annals of General Psychiatry ambalo ni jarida la wazi, na PHQ-9 ya sonona ikapimwa huko huko kwa Kiswahili. Najua hao si wazazi wa Lamu, lakini ni Kiswahili, ni pwani, na propozali yako inapata pa kusimama.

Sasa tuje kwenye maneno, maana dadangu databesi si ndo shida yako kubwa, shida ni ulichoiandikia. "Depression Lamu" haiwezi kukupa kitu kwa sababu watafiti ni nadra kuandika Lamu kwenye kichwa cha makala. Toka nje taratibu: Lamu, alafu Kilifi, alafu "coastal Kenya", alafu Kenya, alafu Tanzania na Zanzibar. Na hali yenyewe ina majina mengi, mmoja anaandika "postpartum depression", mwingine "postnatal depression", mwingine "perinatal depression", mwingine "maternal depression", na wako wanaochanganya sonona na wasiwasi pamoja wakaita "common mental disorders", hao ukiwasahau umepoteza kazi nyingi sana za Afrika. Yaandike majina yote, kila moja ndani ya alama za kunukuu ili yasitenganishwe, katikati weka neno OR kwa herufi kubwa, yafunge yote kwa mabano, alafu weka AND, alafu mabano mengine yenye Kenya OR Tanzania OR Zanzibar. OR inapanua wavu, AND inaubana. Nimekaa na binti mmoja hapa maktaba aliyetafuta wiki mbili kwa jina moja tu akaniambia hakuna utafiti, tukaandika hivi nilivokwambia, dakika kumi hazikuisha akawa anasoma ikisiri moja baada ya nyingine kimya, alafu akanigeukia akasema "kumbe vilikuwepo".

Lakini usiishie kwa majina ya daktari. Mzazi wa Langoni hakwambii ana sonona. Atakwambia ana mawazo, ana moyo mzito, hana raha na mtoto, usingizi hauji hata mtoto akilala, au atakayesema ni bibi yake, kwamba huyu ameingiwa na upepo asiachwe peke yake mpaka atoke arobaini. Haya wataalamu wanayaita "idioms of distress", yaani vile watu wa mahali wanavotamka dhiki yao, na yana makala zake. Andika "thinking too much", utaona kuna mapitio makubwa ya 2015 kwenye Social Science & Medicine yaliyokusanya msemo huo kutoka sehemu nyingi za dunia, nawe utashangaa vile ulivyo karibu na mawazo yetu. Washona wa Zimbabwe wanauita kufungisisa, na huko ndo walipoanzisha Friendship Bench, kinamama wa mtaani waliofunzwa wanakaa benchi la kliniki na mgonjwa wanazungumza, jaribio lao lilifanywa kliniki 24 Harare na matokeo yakatoka JAMA, jarida la tiba la Marekani, 2016. Na Kenya hapa hapa kuna kazi ya 2018 iliyofanywa Bungoma kutengeneza kipimo cha sonona ya wajawazito na wazazi wakichanganya vigezo vya kigeni na maneno ya wenyeji. Hiyo itafute kabla ya zote, ningekuwa wewe ningeisoma mara mbili, maana swali la kama dodoso la kigeni linamsikia mzazi wa Lamu ndo roho ya propozali yako.

Ukitaka habari za upepo na mashetani pwani, hizo nyingi haziko PubMed, ziko kwa wanaanthropolojia, na hao wengi wako JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma. JSTOR ni ya kulipia lakini ukifungua akaunti ya bure wanakuruhusu kusoma makala 100 kila siku 30, unasoma hapo hapo kwenye skrini. Andika "spirit possession" na Swahili. Za huko nyingi ni za miaka ya themanini na tisini, na hapa zungumza na supavaiza mapema: sheria ya miaka kumi ni ya matokeo ya utafiti, chanzo cha kipimo au cha nadharia hakina budi kuwa cha zamani. Kile kipimo cha sonona cha Edinburgh chenye maswali kumi, EPDS, utakachokikuta kila makala ya wazazi, kilitoka 1987 na lazima ukitaje hivo hivo. Na ukifika kukitumia, swali lake la kumi linauliza kuhusu kujidhuru, kwa hivo kabla hujampa mzazi yeyote ile karatasi uwe unajua utamshika mkono umpeleke kwa nani siku hiyo hiyo.

Nyingine nazitaja haraka. AJOL inakusanya majarida ya Afrika, ilianza 1998 na sasa iko Afrika Kusini, si yote ya bure lakini mengi ni bure na utapata kazi ambazo wakubwa hawaziweki kwao. ERIC ni ya elimu, ya serikali ya Marekani, kwa mada hii haikufai sana ila ukija kufanya saikolojia ya wanafunzi wako shuleni irudie, ina kitufe cha kuchagua zilizo na makala nzima. PsyArXiv ni hazina ya rasimu za makala za saikolojia, ni ya bure yote, imeanza 2016, lakini zilizomo nyingi bado hazijapitiwa na wataalamu wengine, kwa hivo soma upate mwanga, na kabla ya kuitaja angalia kama imeshatoka kwenye jarida.

Ukikutana na iliyofungwa fanya hivi. Kila makala ina namba yake ya DOI, huanza na 10 alafu nukta. Ichukue hiyo namba, au kichwa kizima, ubandike Google Scholar, alafu chini ya jibu kuna maandishi madogo ya "All versions" na upande wa kulia mara nyingine kuna PDF, hapo ndo mlango wa uani. Kwenye kompyuta weka Unpaywall, kiongezi cha kivinjari, kwa Chrome au Firefox, ni bure, ukifungua ukurasa wa makala kikitokea kikufuli cha kijani pembeni bonyeza, nakala halali imepatikana. Ikishindikana muandikie mwandishi imeili, anwani yake huwa iko kwenye ikisiri, mistari mitatu yatosha: wewe nani, unasoma nini, unaomba makala gani. Wengi wanatuma tena kwa furaha, wala hawapati chochote kwenye zile dola 30.

Alafu mpigie mkutubi wa chuo chako. Usione haya. Vyuo vingi Kenya viko kwenye ushirika wa maktaba wa KLISC unaolipia majarida kwa pamoja, na kuna Research4Life iliyoanza 2002 na WHO ikiwa Hinari, chuo ndo kinajisajili si mwanafunzi. Muulize ukiwa Lamu unaingiaje ukiwa mbali, wana nywila ya kukupa. Nimeona wanafunzi wamemaliza miaka minne bila kujua karo yao ilishalipia hayo.

Jambo moja limeniuma nikuonye. Muuguzi niliyemsaidia alipata imeili ya kumsifu kutoka jarida lenye jina zito la kimataifa, akatuma pesa aliyoweka kwa miezi ili wamchapishie, makala ikatoka kwa siku nne bila mtu kuisoma, na baadaye chuo kikaikataa. Jarida likikutia shaka, la kusoma au la kuchapisha, litafute DOAJ. Hiyo ni orodha ya majarida ya wazi iliyoanzia Lund, Sweden 2003, sasa yamepita 20,000 na yanakaguliwa kabla ya kuingizwa.

Kwa bando la Lamu, soma ikisiri kwanza, makala za PMC zisome kwenye ukurasa wenyewe, PDF pakua tu zile ulizoamua kuzitumia. Ziweke Zotero siku hiyo hiyo, ni programu ya bure ya kupanga makala, 40 ukiziacha kwenye simu bila majina utalia.

Ukikwama na yoyote nitumie DOI yake, nikiipata kwa njia halali nitakurushia.