Nimeonyeshwa pete nyekundu kwenye ovari. Je, ni saratani?

SWALI: Bi Mkunga, asalamu alaykum. Nina miaka 31 na watoto wawili, hedhi yangu huja kila siku 28. Mwezi uliopita tumbo liliniuma upande wa kulia, nikaenda kupigwa picha ya altrasaundi. Ilikuwa siku ya 19 tangu nianze hedhi. Kwenye skrini nikaonyeshwa kidude cha duara katika ovari, sentimita 2.5, kimezungukwa na rangi nyekundu na buluu. Nikaambiwa “mishipa ya damu mingi, rudi baada ya wiki sita”, basi. Hedhi ilikuja siku yake, lakini jirani yangu anasema saratani ndiyo inayovuta damu namna hiyo. Silali.
Mama wa wawili, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Katika barua yako yote, kilichonituliza ni hiyo siku ya 19, kwani kwa hedhi ya kila siku 28 hapo yai huwa limetoka siku chache tu zilizopita.

Yai huiva ndani ya kifuko chenye maji kinachofika upana wa milimita 20 hivi. Ukuta wake una matabaka mawili. La nje lina mishipa ya damu. La ndani, lililo karibu na yai, halina hata mmoja. Seli zake hula kinachopenya kutoka nje, kama jirani anayepitishiwa sahani ya futari juu ya ua wa makuti. Kiasi cha saa 36 kabla yai halijatoka, tezi ya pituitari chini ya ubongo humwaga homoni ya LH kwa wingi, na hapo mambo hubadilika. Seli zile za ndani huzidisha kutengeneza protini iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuita mishipa. Ua unabomoka, mishipa ya nje inachipua na kuingia ndani, na kifuko kilichoachwa na yai kinageuka kuwa korpasi luteamu, yaani mwili wa manjano. Kwa siku chache, gramu kwa gramu, ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazopitisha damu nyingi kabisa.

Mara ya kwanza nilipoiona pete hiyo kwenye skrini nilikuwa nimekwisha zalisha miaka kumi na zaidi. Nilisimama nikaitazama mpaka mgonjwa akaniuliza kulikoni.

Damu yote hiyo ya nini? Mwili wa manjano hutoa projesteroni, homoni inayoutandikia mji wa mimba. Projesteroni hutengenezwa kwa lehemu, yaani kolesteroli, na lehemu huletwa na damu. Tena homoni yenyewe yahitaji njia ya kutokea. Mimba isipotunga, baada ya wiki mbili hivi mishipa hunywea na hedhi huja, kama ilivyokuja yako. Ikitunga, homoni ya hCG kutoka kwa kiumbe huuamuru mwili wa manjano uendelee mpaka kondo la nyuma lishike kazi.

Jirani yako hakusema uongo mtupu. Saratani nayo hutumia VEGF ile ile. Napoleone Ferrara na wenzake huko Marekani waliitenga protini hiyo mwaka 1989, na mwaka 1998 wakaonyesha kwamba panya jike wakizuiliwa VEGF, mwili wa manjano haupati mishipa yake. Ila katika ovari mishipa huitwa kwa amri ya homoni, na amri ikiisha nayo huondoka. Uvimbe wa saratani hauna mwisho huo. Kwa hiyo wiki sita ulizopewa ni kipimo chenyewe: kinachotazamwa ni kama kidude kimeondoka.

Na ile nyekundu isikutishe. Mashine huipaka rangi nyekundu damu inayokielekea kifaa, na buluu inayokwenda mbali nacho.

Lakini tumbo likikukata ghafla, ukaona kizunguzungu au bega likauma, nenda spitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Mwili wa manjano huweza kupasuka ukavuja damu ndani. Na mwezi wowote hedhi ikichelewa au ikaja matone tu, pima mkojo kwanza, kwani mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba nayo huonyesha pete kama hiyo.

Miadi yako omba iangukie siku ya 5 hadi ya 7 ya hedhi, kabla ovari haijaanza pete nyingine, na picha ya kwanza uende nayo.