Leaf ya mtumba kwa ruti ya Tegeta–Posta: kagua betri, kisha kagua soketi ya kwako

Mkuu, umeuliza kama Nissan Leaf, gari la umeme la mtumba kutoka Japani, itakufaa wewe unayekaa Tegeta na kufanya kazi Posta, na unaogopa isije ikakuzimikia kwenye foleni. Mimi natumia yenye betri ya kWh 40 (yaani inabeba uniti 40 za umeme) hapa hapa Dar, ndiyo gari langu la kila siku. Foleni usiiwaze. Ukisimama Mwenge nusu saa mota hailambi kitu, kinachokula ni kiyoyozi, nacho kinadonoa tu. Umeme unaliwa na kasi: kanyaga kuelekea Chalinze uone asilimia zinavyoporomoka.

Pesa: LUKU ya elfu kumi kwenye T1, bei ya matumizi ya kawaida, inatoa kama uniti 28. Kwa mizunguko ya mjini napata kilomita sita hadi saba kwa uniti, kwa hiyo ni kilomita 170 na ushee. Elfu kumi hiyo hiyo sheli unapewa lita tatu na chenchi. Ila kama nyumbani uko D1, ile ya bei chee yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, iage mapema. Gari peke yake litazimaliza kabla mwezi haujafika nusu.

Betri ndiyo gari lenyewe. Ya Leaf haipozwi kwa maji, inategemea hewa tu, na joto la Dar unalijua. Usidanganyike na mwaka wala kilomita. Pembeni ya geji ya chaji kuna vistari 12 vya uzima wa betri; cha kwanza kikipotea, betri imeshapungua kama asilimia 15. Muuzaji akikutumia picha ya dashibodi ambayo upande huo umekatwa, achana naye. Kama gari liko nchini tayari, chomeka kidude cha OBD (kile cha kusoma kompyuta ya gari), fungua app ya LeafSpy kwenye simu usome SOH, yaani asilimia ya uzima wa betri. Zile za mwanzo za kWh 24 bei yake inashawishi, lakini hata zikiwa mpya Wamarekani walizipimia kilomita 117 tu kwa chaji moja. Toa uchakavu, toa kiyoyozi, halafu jiulize kama utarudi Tegeta.

Mimi nachaji usiku hadi asilimia 80 hivi. Mia naijaza nikiwa na safari ya Bagamoyo asubuhi. Redio ni Kijapani kitupu, utazoea.

Watu wengi wanaumia kwenye soketi. Chaja inavuta kama kilowati 3 kwa muda wa saa sita, saba mfululizo, kitu ambacho pasi wala jagi la umeme havifanyi. Soketi ya sebuleni itapata moto, na ekstensheni za Kariakoo zitayeyuka kabisa. Mwambie fundi avute laini ya peke yake kutoka meni swichi, waya wa milimita 4, breka yake, na fimbo ya ethi ya uhakika, ile inayozikwa kupeleka umeme ardhini. Ethi ikiwa mbovu chaja inagoma, na fundi wa mtaani atakuapia kwamba chaja ndiyo imekufa. Mwambie apime ethi kwanza. Kama mtaani kwenu jioni umeme unakuwa mdogo, weka taima ianze kuchaji saa sita usiku.

Kuna pia betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa, basi ibadilishe mapema. Oili ya injini hutamwaga tena, na breki zinakaa sana kwa sababu mota yenyewe inapunguza mwendo huku ikirudisha chaji.

Morogoro sitakudanganya. Ni kama kilomita 190, na mimi naenda na basi.

Na kama umepanga nyumba yenye LUKU moja ya kuchangiana, ongea na mwenye nyumba akufungie mita yako kabla hujatuma hata senti Japani. Akikataa, baki na Toyota IST ya petroli.