Bango la igizo: kumgeuza mtu zimwi kwenye picha bila kuchekesha watu

Mkuu, nimesoma swali lako. Kikundi chenu cha maigizo hapo Mwanza kina igizo la zimwi linalotoka ziwani, mmempiga picha mwigizaji, ukaipitisha kwenye programu ya simu ya kubandika sura, kikatoka kinyago cha watoto. Unataka watu wakiliona bango washtuke, wasicheke, na kompyuta uliyonayo ni ya kawaida, RAM ya GB 4. Mimi kula yangu ni studio na mabango, na kazi za kutisha naletewa sana: maigizo, filamu fupi, majalada ya nyimbo. Nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe, wakuu wengine wataongezea.

Kwanza hiyo picha uliyoweka haifai. Imepigwa na taa ya duara usawa wa uso, ngozi imelainishwa na filta, halafu imepita WhatsApp ikabanwa mpaka vinyweleo vimefutika. Hakuna kivuli cha kushika. Rudieni. Mkalishe mwigizaji chumba chenye giza, taa moja iwe chini ya kidevu, pembeni kidogo. Hata tochi ya simu iliyozibwa na karatasi nyeupe inatosha. Tumezoea mwanga unaotoka juu, wa jua au wa taa ya dari, kwa hiyo uso ukimulikwa kutoka chini vivuli vinapanda badala ya kushuka, na mtazamaji anaingiwa na wasiwasi kabla hujafungua kompyuta. Mpake mafuta ya nazi au Vaseline usoni, kisha mnyunyizie maji. Mwambie asikunje sura wala asitoe meno. Akikunja sura, mikunjo ile itakusumbua ukianza kuvuta. Picha itoe kwa waya, au ukilazimika kutumia WhatsApp, itumwe kama faili.

Programu: Photoshop ukiwa nayo ni sawa, ila kwa kompyuta hiyo ningepakua GIMP. Ni ya bure, ipo tangu 1996, na nitakayoyasema hapa yote inayaweza. Punguza picha iwe kama piseli 3000 upande mrefu, usirundike leya (yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) bila sababu.

Umbo halina kazi kubwa. Nakili leya ya picha, ya chini usiiguse. Kwenye Photoshop zana yake inaitwa Liquify, kwenye GIMP inaitwa Warp Transform. Brashi kubwa, nguvu ndogo. Sukuma mashavu yaingie ndani, vuta kidevu chini, tenganisha macho kidogo, jicho moja liwe chini ya mwenzake kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukitaja. Basi, acha. Mama yake mwigizaji akipita mbele ya bango aseme "si mwanangu huyu?" kwanza, hofu ije baadaye. Wahenga wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye bango mambo yamegeuka, linalotisha ni hilo hilo unalolijua.

Sasa ngozi, na hapa ndipo mafunzo mengi ya YouTube yatakupoteza. Mengi yametengenezwa kwa watu weupe. Yanakwambia punguza rangi, ongeza kijani, mtu awe maiti. Ifanye hiyo kwa ngozi yetu uone: mwigizaji anapauka, anakuwa wa kijivu, na uso wote unalala kama ubao. Ngozi nyeusi umbo lake linasomeka kwenye mng'ao: ule mstari juu ya mfupa wa shavu, ncha ya pua, ukingo wa mdomo. Ndiyo maana nimesema mafuta na maji. Kwa hiyo usimpaushe. Acha weusi uwe mzito, kisha hamisha mng'ao.

Namna ya kuuhamisha: weka leya mpya juu, ijaze kijivu cha katikati, namba yake ya rangi 808080, iweke kwenye modi ya Overlay, yaani namna leya inavyochanganyika na picha ya chini yake. Picha haitabadilika. Chukua brashi laini, nguvu asilimia kumi au chini ya hapo. Ukipaka nyeupe, mfupa unanyanyuka. Ukipaka nyeusi, nyama inazama. Nyanyua mfupa wa nyusi, zamisha panda za uso, chora mshipa mmoja shingoni. Paka taratibu, ukirudia rudia palepale. Ukimaliza, mng'ao upe rangi ya buluu iliyoingiwa na kijani, vivuli viache na kahawia yake, na wekundu wa midomo upunguze. Hapo tayari ana baridi ya majini, na hujampaka rangi ya katuni.

Magamba usipakue picha za mijusi mtandaoni, upo Mwanza bwana. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba na simu yako, omba ruhusa kwa mwenye samaki, piga kwa karibu ukiwa kivulini. Kambare hana magamba, ngozi yake ni ya utelezi na ana sharubu; inafaa kwa paji la uso. Sangara ana magamba, na jicho lake ni jeusi lenye duara la njano pembeni, huhitaji kubuni kitu. Tena mwambie mtunzi wenu kwamba sangara mwenyewe ni mgeni, aliletwa ziwani humu miaka ya 1950 akawafyeka furu, wale samaki wadogo wa asili. Kama igizo linatafuta zimwi la ziwani, hilo hapo.

Leya ya magamba iweke kwenye Overlay pia, iongezee maski (kifuniko cha leya kinachoamua kipi kionekane), kisha paka nyeusi kwenye maski ili kuficha usipotaka. Yaonekane shingoni, nyuma ya taya na kando ya paji, yakififia kuelekea puani. Katikati ya uso abaki mtu. Na yakunje kwa Warp yafuate mviringo wa shavu. Magamba yaliyonyooka juu ya shavu la mviringo ndiyo yanayofanya watu waseme "hii kabandika".

Jicho: kata lile la sangara, lifunike mboni tu. Weupe wa jicho na kope vibaki vya mwigizaji. Kisha rudisha ile nukta ya mwanga iliyokuwa kwenye jicho lake halisi. Kwa kuwa taa ilikuwa chini, nukta ikae nusu ya chini, na kivuli chembamba kiwe ukingoni mwa kope la chini. Bila nukta hiyo jicho linakufa.

Na macho yasiwe mekundu, hata mwongozaji akiyataka. Sote tunajua kanda hii vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi kisa macho mekundu, na macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi wa miaka yote jikoni. Mimi kazi ya picha ya bibi kizee kugeuzwa kiumbe siipokei, hata mjukuu akija na ridhaa yake. Wala mtu kupaushwa mpaka afanane na mwenye ualbino. Hayo nayo tumeyaona huku. Mwigizaji wenu naye asaini karatasi kwamba amekubali sura yake itumike hivyo, maana bango likishaanza kusambazwa kwenye magrupu, jina la igizo litakatwa na uso utabaki.

Mwisho, tengeneza nakala iliyounganisha leya zote, ongeza chembechembe kidogo kutoka kundi la Noise kwenye menyu ya filta. Samaki na mtu walipigwa kwa nyakati tofauti, chembe za aina moja zinawaunganisha. Faili lenye leya lihifadhi pembeni.

Kuchapa ndiko wengi wanakolia. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, bango halitoi, kwa hiyo kile kiza kizuri unachokiona kitatoka doa jeusi. Pandisha vivuli kuliko unavyopenda. Mchapaji akikwambia itakaa sawa tu, mwombe akutolee kipande cha uso peke yake, ukubwa wa A4, kwenye malighafi ileile ya bango, ukakiangalie nje juani, siyo chini ya taa yake.